Dawa imechakachuliwa au mdudu amekuwa sugu? Historia ya kipimo cha gesi ya ghalani



Kila mwaka, mahindi yakishakaa ghalani miezi miwili mitatu, naulizwa swali lile lile. Naulizwa Soni siku ya gulio, naulizwa Mlalo, na watu wa Mombo wananipigia simu: "Bwana shamba, vidonge vya siku hizi vimechakachuliwa? Nimeweka, nimefunika vizuri, nimefunua, na wadudu wanatembea juu ya gunia kama hawajaguswa."

Swali hilo lina majibu matatu. La kwanza, dawa kweli ni mbovu: imepitwa na wakati, au si dawa kabisa. La pili, dawa ni nzima ila imetumika vibaya. La tatu, dawa ni nzima na imetumika vizuri, lakini mdudu amekuwa sugu. Ukisimama mbele ya gunia, yote matatu yanafanana. Unachoona ni mdudu anayetembea tu. Jicho haliwezi kutenganisha, na wala mimi siwezi kutenganisha kwa kukusikiliza kwenye simu.

Kinachoweza kutenganisha ni kipimo cha maabara. Kipimo hicho kina historia yake, na leo nataka nikusimulie kwa urefu kidogo, kwa sababu ukiijua utaelewa kwa nini kila siku nakukataza kufanya jambo ambalo wengi mnalifanya: kuongeza kidonge cha pili.

Kufukiza si jambo geni kwetu

Wazee wetu wa Usambara walihifadhi mahindi darini, juu ya meko. Moto ukiwaka asubuhi na jioni, moshi ulipanda ukapita kwenye magunzi. Punje zikakauka, na mdudu hakupapenda mahali pale. Huko ndiko kufukiza kwa asili, na nyumba nyingi za Mtae, Rangwi na kwingineko bado zinafanya hivyo.

Tofauti ya moshi na vidonge ni hii. Moshi unauona. Ukipungua unajua, ukizidi unakohoa. Gesi ya vidonge huioni. Inaweza kutoka yote kwenye tundu la turubai usiku wa kwanza, na wewe ukaendelea kuhesabu siku ukidhani inafanya kazi. Hapo ndipo matatizo yote ninayokusimulia yalipoanzia.

Mdudu hajifunzi, anachaguliwa

Jambo la wadudu kuishinda dawa halikuanza kwetu na halikuanza jana. Mwaka 1914 mtaalamu wa Marekani aitwaye Melander alichapisha makala akiuliza kama wadudu wanaweza kuwa sugu kwa dawa ya kunyunyiza. Alikuwa ameona wadudu gamba wa miti ya matunda katika jimbo la Washington wakipona kwenye mchanganyiko wa chokaa na salfa uliokuwa ukiwaua wenzao wa sehemu nyingine.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1916, mwenzake aitwaye Quayle akaandika kuhusu California, na hapa ndipo gesi inapoingia. Wakulima wa machungwa na malimau kule walikuwa wakifunika mti mzima kwa hema usiku, kisha wanaachia gesi ya sianidi ndani yake ili kuua wadudu gamba wekundu. Ilikuwa kazi ya kawaida kwao. Lakini kwenye mashamba ya eneo la Corona, dozi iliyoua wadudu wa maeneo mengine ilikuwa haiui tena. Mdudu ni yule yule kwa sura, gesi ni ile ile, matokeo ni tofauti.

Wengi husema mdudu "amezoea dawa", kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo. Mdudu mmoja mmoja hazoei. Fikiria unavyochagua mbegu. Ukivuna unatazama magunzi, unatenga yale makubwa yenye punje zilizojaa, unapanda hayo. Ukifanya hivyo misimu kadhaa, shamba lako linafanana na chaguo lako. Dawa nayo inachagua. Katika wadudu elfu moja ghalani mwako, huenda wawili watatu walizaliwa na tofauti ndogo mwilini inayowafanya wavumilie. Gesi ikiwa kamili, na hao wanakufa. Gesi ikiwa nusu, wale wengine wote wanakufa na hao watatu wanabaki kuzaa. Umewachagulia wadudu mbegu bora, bila kujua, na kwa pesa yako mwenyewe.

Likumbuke hilo, maana mengine yote yanajengwa juu yake.

Dumuzi alipanda gunia

Sasa turudi nyumbani. Vijana mnaweza kudhani dumuzi amekuwapo Tanzania tangu enzi. Hapana. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwetu alionekana kwanza mkoa wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na taarifa rasmi ikaandikwa kwenye jarida la FAO mwaka 1981. Hakuja kwa miguu. Aliingia ndani ya nafaka iliyosafirishwa, na akasambaa nchini kwa njia hiyo hiyo, kufuata barabara na reli. Mwaka 1983 alikuwa ameonekana Taveta, upande wa Kenya, mlango wa pili kutoka kwetu. Watu wengine walimpa jina la Scania, kama yale malori makubwa.

Hasara yake ilishtua. Utafiti uliofanywa kwenye maghala ya wakulima wa Tabora na kuchapishwa mwaka 1983 ulikuta kwamba mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi kwa miezi mitatu hadi sita yalipoteza wastani wa karibu asilimia 9 ya uzito, na kwa baadhi ya wakulima hasara ilifika asilimia 34. Kwa gunia la kilo 100, hizo ni kama debe mbili zilizogeuka unga wa vumbi.

Wakati ule dawa ya unga iliyotegemewa ghalani ilikuwa na kiambato kiitwacho pirimifosi-methili. Kilikuwa kinaua fukusi vizuri. Kwa dumuzi kilikuwa dhaifu. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uingereza, waliokuwa na maabara ya hifadhi ya mazao mjini Slough, wakafanya vipimo. Wakakuta kwamba kiambato kingine, permethrini, kinamuua dumuzi kwa dozi ndogo. Lakini huyo huyo permethrini hakuwa na nguvu ya kutosha kwa fukusi. Kila dawa ilikuwa na mdudu wake.

Jibu lilikuwa kuchanganya viwili hivyo kwenye unga mmoja, na ushauri ukawa: pukuchua kwanza, kausha, kisha changanya dawa na punje. Kwa hiyo ile dawa ya unga yenye viambato viwili uliyoizoea kwenye duka la pembejeo haikubuniwa na muuzaji ili akuuzie kwa bei kubwa. Ilitokana na kuwaweka wadudu kwenye vyombo, kuwapa dawa kwa vipimo tofauti, na kuhesabu waliokufa.

Hapa nieleze tofauti moja. Dumuzi hakuwa sugu kwa pirimifosi-methili kwa sababu tulimharibu sisi. Aliumbwa hivyo, alikuja nao uvumilivu huo. Usugu ninaouzungumzia leo ni ule unaotengenezwa: mdudu aliyekuwa akifa jana, leo kizazi chake hakifi. Kwa macho yote mawili yanafanana pia. Ni kipimo tu kinachosema.

Gesi iliyobaki

Tuje kwenye vidonge. Kidonge cha gramu 3 kimetengenezwa kwa alumini fosfidi. Kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi iitwayo fosfini, gramu 1 kwa kila kidonge, na kinabaki majivu. Teknolojia hii ilianzia Ujerumani miaka ya 1930 na ikaenea duniani. Gesi inapenya katikati ya rundo la magunia na kuingia ndani ya punje, mahali dawa ya unga haifiki. Ikitoka, haiachi mabaki mengi kwenye chakula. Ni rahisi kusafirisha. Ndiyo maana maghala makubwa ya nafaka yanaitegemea.

Zamani maghala makubwa yalikuwa na gesi ya pili, methili bromaidi. Hiyo iliua kwa haraka, kwa saa badala ya siku. Lakini iligundulika kwamba inaharibu tabaka la ozoni huko juu angani, na mwaka 1992 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Montreal. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015 kuiacha, isipokuwa kwa kazi chache kama za karantini.

Unaona tulipofika? Gesi zilikuwa mbili, ya kutegemea ikabaki moja. Fosfini ikishindwa, hakuna nyingine ya bei yake inayosubiri kwenye rafu. Kwa hiyo kila gunia linalofukizwa nusunusu linapunguza kitu ambacho si cha mwenye gunia peke yake.

Dunia ilipojihesabu

Mwaka 1972 na 1973 FAO iliendesha uchunguzi wa dunia nzima. Walikusanya wadudu wa ghala kutoka nchi zaidi ya 80 na kuwapima kwa dawa mbalimbali, fosfini ikiwemo. Ripoti ya Champ na Dyte iliyotoka mwaka 1976 ilionyesha kwamba karibu kundi moja katika kila makundi kumi yaliyopimwa lilikuwa na wadudu waliovumilia fosfini. Wakati huo gesi hii ilikuwa bado ikisifiwa kila mahali.

Ili nchi zote zipime kwa namna moja, FAO ilichapisha utaratibu mwaka 1975, unaojulikana kama Njia Namba 16. Mpaka leo maabara nyingi zinaufuata. Nakueleza unavyofanyika, kwa sababu ni rahisi kuliko unavyodhani.

Wadudu hai wanachukuliwa ghalani. Mara nyingi wanafugwa kwanza maabara kwa kizazi kimoja, ili wanaopimwa wawe wa rika moja na wawe na afya. Kisha wanahesabiwa na kuwekwa kwenye chombo cha kioo kisichovuja kabisa. Gesi inaingizwa kwa sindano, kiasi kidogo sana kilichopimwa. Kwa mbawakawa mwekundu wa unga, kwa mfano, ni miligramu 0.04 kwa kila lita ya hewa. Wanakaa humo saa 20, kwenye joto la nyuzi 25. Pembeni kuna kundi la pili lisilopewa gesi, ili kama wadudu wanakufa kwa njaa au joto ijulikane. Kuna na kundi la tatu, la wadudu waliofugwa maabara miaka mingi bila kukutana na dawa, ambao tunajua hawana usugu.

Baada ya saa 20 wanatolewa, wanapewa chakula, wanaachwa siku 14. Ndipo wanahesabiwa waliokufa.

Kwa nini siku 14 zote hizo? Kwa sababu fosfini ina tabia ya kumlaza mdudu. Ukimtoa leo amelala chali, miguu haichezi, utaapa amekufa. Baada ya siku mbili ameamka anakula. Na mwingine anatoka anatembea, kumbe ameshaumia, atakufa wiki ijayo. Ukihesabu mapema unajidanganya pande zote mbili. Mfanyabiashara anayefunua turubai, anaona wadudu wamelala, anafurahi na kupakia mzigo siku hiyo hiyo, amehesabu mapema.

Kiasi kile cha gesi kimechaguliwa kwa makusudi. Ni kiasi ambacho mdudu wa kawaida hawezi kupona. Kwa hiyo swali linakuwa fupi: wote wamekufa, au kuna waliobaki? Wote wakifa, gesi ni nzima na mdudu ni wa kawaida. Maana yake kosa liko ghalani kwako: turubai, siku, au kidonge. Wakibaki wengine, wakati wale wa kundi la maabara wamekufa wote, tuna usugu.

Namna hii ya kuuliza si ngeni mkoani kwetu. Watafiti wa magonjwa wa kituo cha Amani, kule Muheza, wamekuwa wakiwapima mbu vivyo hivyo: mbu anagusishwa dawa kwa kipimo maalumu kwa saa moja, anasubiriwa saa 24, wanahesabiwa. Ni kwa vipimo vya namna hiyo ilijulikana kwamba mbu wa Muheza wameanza kushinda dawa za jamii ya permethrini, ile inayowekwa kwenye vyandarua. Bila kupima, watu wangeendelea kubishana kama chandarua ni feki.

Somo la Bangladesh

Sasa nikupeleke Bangladesh, maana kule ndiko jibu la swali letu lilikoonekana wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maghala ya chakula ya nchi hiyo yalikuwa yakifukizwa kwa fosfini na wadudu hawafi. Wataalamu watatu, Tyler, Taylor na Rees, wakaenda kuchunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1983. Walipima wadudu na kukuta usugu mkubwa, hasa kwa ndugu mdogo wa dumuzi, yule mtoboa nafaka mwembamba anayeshambulia mpunga na ngano.

Walipotazama namna kazi ilivyokuwa ikifanyika, sababu haikuwa mbali. Maghala yalifukizwa jengo zima, na majengo yenyewe yalikuwa yanavuja. Gesi ilitoka kabla ya kumaliza kazi. Wadudu wakirudi, wanafukiza tena, jengo lile lile, matundu yale yale. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara waliwachagulia wadudu mbegu.

Watafiti wa Australia wameendelea kutoka hapo na kuonyesha jinsi inavyokwenda mwilini mwa mdudu. Usugu mkubwa wa fosfini unatokana na vinasaba viwili vikuu. Mdudu mwenye kimoja anavumilia kidogo tu, na gesi kamili bado inammaliza. Mwenye vyote viwili ndiye balaa. Sasa, gesi nusunusu inawaacha hai wale wa kimoja kimoja. Wanapandana wao kwa wao, na watoto wao wengine wanapata vyote. Kule Australia, mwaka 2007, walianza kukuta mbawakawa wadogo wa nafaka waliovumilia kiasi ambacho maelekezo ya kawaida ya fosfini hayakutosha tena.

Kwa hiyo historia inajibu hivi: mdudu sugu mara nyingi ni mtoto wa turubai linalovuja.

Kwa nini sisi wa milimani tuko hatarini zaidi

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu sisi wa Lushoto hasa, ambalo karatasi ya kwenye chupa haikusimulii kwa jina la kijiji chako.

Fosfini inategemea joto kwa njia mbili. Kwanza, kidonge kinatoa gesi polepole kukiwa na baridi. Pili, mdudu kwenye baridi anapumua polepole, anavuta gesi kidogo. Mayai na wale waliojifungia ndani ya punje wakisubiri kuwa wadudu kamili ndio wagumu kuliko wote. Hao hawauawi kwa gesi nyingi. Wanauawa kwa siku nyingi, mpaka wafikie hatua ambayo gesi inawaweza.

Mwongozo wa wakulima wa Australia unasema: joto la nafaka likizidi nyuzi 25, siku 7. Likiwa kati ya nyuzi 15 na 25, siku 10. Chini ya nyuzi 15, usifukize kabisa.

Sasa pima mwenyewe. Mombo ni tambarare, joto. Panda gari kupitia Soni mpaka Lushoto mjini, uko mita kama 1,400 juu ya bahari. Endelea Magamba, unavaa sweta. Mwezi wa Juni hadi Agosti, mahindi yanapoingia ndani, ndio msimu wetu wa baridi. Mfanyabiashara aliyefundishwa kazi tambarare, akazoea siku tatu au nne, akifanya vile vile huku juu, anatengeneza kile kile kilichotokea Bangladesh. Hana nia mbaya. Ila anahesabu siku za mahali pengine.

Na hapa ndipo kidonge cha pili kinapokuwa kosa. Watu hufikiri: siku zimepungua, niongeze vidonge, italingana. Hailingani. Gesi ikiwa kali sana kwa ghafla, mdudu analala, anapunguza kupumua, na kujikinga humo humo. Dawa hii inataka muda kuliko wingi. Vidonge viwili kwa siku tatu si sawa na kimoja kwa siku saba, hata kidogo. Unachoongeza ni gharama na hatari kwa watu wa nyumbani.

Na hatari hiyo niiseme wazi. Gesi hii haina dawa ya kuitibu mwilini. Harufu yake kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza si ya kuiamini, kwa sababu inaweza kupotea wakati gesi bado ipo. Usiweke vidonge kwenye chumba wanacholala watu, wala chumba kinachopakana nacho, wala darini. Kufukiza ni kazi ya mtu aliyefundishwa na kuruhusiwa. Ghala la nyumbani lenye mbao zilizoachana halifukiziki, utafanya nini chote.

Basi ufanye nini ukiona wadudu wanatembea

Kabla hujasema dawa imechakachuliwa, jiulize haya:

1. Chombo cha vidonge kilikuwa kimefungwa, na tarehe haijapita? Vidonge vilivyokwisha kugeuka vumbi vya kijivu vimeshatoa gesi yao dukani.
2. Turubai lilikuwa zima, na kingo zake zilikandamizwa kwa mifuko ya mchanga pande zote, sakafu ikiwa haina nyufa? Mawe manne kwenye pembe hayazuii gesi.
3. Ulihesabu siku za hali ya hewa ya kwenu, au ulizosikia sokoni?
4. Baada ya kufunua, ulirudisha mahindi kwenye magunia ya zamani, au karibu na mabaki ya msimu uliopita? Gesi ikishatoka haiachi ulinzi. Wadudu wa jana kwenye mshono wa gunia wanaingia leo.

Ukikuta kosa, rekebisha kosa hilo kwanza. Ukiwa na uhakika kwamba yote yalikwenda sawa na bado wadudu wako hai, usifukize tena hapo hapo. Hao waliobaki ndio ushahidi. Tunawahitaji.

Chukua wadudu hai wengi uwezavyo, mia moja hadi mia mbili, pamoja na punje kidogo za kula. Waweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati kilichotobolewa matundu madogo kwa pini. Usitumie plastiki, dumuzi anaitoboa njiani. Usiianike juani wala kuiweka karibu na dawa. Andika kwenye karatasi: kijiji, tarehe, mahindi yalitoka wapi, dawa gani ilitumika, siku ngapi, na imetumika mara ngapi msimu huu. Kisha mtafute afisa ugani wa kata yako. Yeye ndiye wa kuuliza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, ile iliyochukua nafasi ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, ili ijulikane wapimwe wapi. Kama dawa yenyewe inatiliwa shaka, tunza kifungashio na risiti. Bila hivyo hakuna kesi.

Na kwa mkulima mwenye magunia matano au kumi, ushauri wangu ni kwamba huhitaji gesi kabisa. Kausha mpaka punje ikiumwa inapasuka na kulia. Kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, ambayo imekuwa ikitengenezwa hata Tanga mjini. Ukifunga vizuri, wadudu waliomo wanapumua hewa iliyobaki mpaka inawaishia, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna kidonge, na hakuna anayelala na sumu. Ukikuta tundu, mfuko huo haufai tena kwa kazi hiyo.

Kwako mfanyabiashara, neno moja la mwisho. Dumuzi alivuka bahari ndani ya gunia. Mdudu sugu naye atasafiri hivyo hivyo. Gunia linalotoka Kibaigwa au Handeni, likapita Mombo, likalala Soni, likafika Mlalo, limepita kwenye maghala manne, na kila ghala limeacha na kuchukua kitu. Ukifukiza nusunusu ili uwahi gulio, umeuza mahindi pamoja na mbegu ya wadudu ambao jirani yako hataweza kuwaua. Msimu ujao utanunua kutoka kwake.

Kama umewahi kufukiza ukaona wadudu wamebaki, njoo ofisini na chupa yako ya kioo.

Kazi njema, na ghala lako lijae.